Futi Kumi na Mbili na Inchi Nne

Wasikilizaji wapendwa, karibuni mkae. Aliye jikoni aje na mboga zake achambulie hapa. Mwenye duka ambaye watu wamejazana barazani kwake aongeze sauti ya redio kidogo. Leo tunamkumbuka mtu aliyefanya kazi ya kimya, na sitaki apite kimya.

Jina lake ni Scholastika binti Stefano. Alizaliwa mwaka 1920 katika kijiji cha Mlumbilo, milima ya Uluguru. Amefariki tarehe ishirini na mbili Aprili, mwaka huu wa 1958, akiwa na umri wa miaka thelathini na minane. Kazi yake ilikuwa msaidizi wa kamera ya sinema. Narudia kwa mliochelewa kukaa: Scholastika binti Stefano, wa Mlumbilo, msaidizi wa kamera.

Najua wengine mmekunja uso. Mnasema, mwanamke? Mluguru? Tena wa mlimani kabisa? Ndiyo. Mnapokwenda uwanjani kutazama sinema, lile gari la sinema likaja na kutandika shuka jeupe, mnamwona mkulima anayelima na mama anayecheka. Hammwoni mtu aliyekaa ubavuni mwa kamera, mkono mmoja kwenye lenzi. Kwa miaka karibu mitano, katika sinema kadhaa zilizopigwa milimani kwetu, mtu huyo alikuwa yeye.

Wiki iliyopita, baada ya matanga, nilipanda Mlumbilo. Kutoka Mkuyuni ni saa nne za kupanda, na magoti yangu hayajanisamehe. Nilikaa na mama yake mzazi, Bibi Paskalia. Nilikaa pia na Bwana Bharat, mpiga picha wa Morogoro mjini, ambaye ndiye aliyemfundisha kazi. Haya nitakayoyasema nimeyapata kwao, na wote wawili wameniruhusu niyaseme. Bibi Paskalia aliniambia hivi: "Yaseme yote, mwanangu. Ukipunguza, utakuwa umenionea huruma, na mimi sikukuomba huruma."

Basi nitayasema yote.

Scholastika alipovunja ungo, mwaka 1935, mama yake alimweka ndani. Wengi wenu mnajua mwali ni nini. Msichana haoni jua. Haonekani na mwanamume. Anakaa ndani ya nyumba yenye giza, anafundwa, mpaka siku ile atakapotolewa kwa ngoma na vigelegele. Mapadre hawakupenda mtoto wa misheni afungiwe muda mrefu. Bibi Paskalia alikuwa anakwenda misa kila Jumapili, anawasikiliza vizuri sana, anarudi nyumbani na kuendelea kumfungia. Miezi kumi na minane.

Mle ndani Scholastika alifundishwa kusuka mikeka gizani. Alimwagiwa kunde na choroko katika ungo mmoja, akaambiwa azitenganishe kwa vidole. Mwanzo alilia. Baadaye, anasema mama yake, alikuwa anazitenganisha huku akisimulia hadithi, na huoni choroko hata moja upande wa kunde.

Alitolewa. Akaolewa na Yakobo, kijana wa Matombo. Mwaka 1941 akajifungua mtoto wa kike, Cecilia. Huyo ndiye mtoto wake wa pekee. Mwaka 1944 Yakobo akaenda kwenye mashamba ya katani, na hakurudi wala hakuleta barua. Scholastika hakuolewa tena. Alilima kabichi kwenye miteremko ya lukolo lwao, yaani ukoo wao, akazishusha kichwani mpaka Morogoro. Kabichi arobaini, mvua au jua, na hakuna iliyochubuka.

Hayo ndiyo maisha yake mpaka mwezi Juni mwaka 1953.

Mwezi huo kikosi kimoja cha filamu kiliwasili Mkuyuni kutoka Dar es Salaam. Kilitaka kupiga sinema ya kilimo cha mboga milimani. Walikuwepo Mzungu mmoja, mkubwa wa kikosi, Bwana Bharat mwenye kamera, na msaidizi wake kijana wa Dar. Walihitaji wapagazi. Wanaume walijitokeza kumi na wawili. Lakini lile sanduku la kamera halikutaka nguvu, lilitaka shingo isiyotikisika. Wanaume wawili walijaribu kupanda nalo ngazi ya duka tu, na Bwana Bharat akashika kichwa.

"Akatoka mama mmoja pembeni," Bwana Bharat ameniambia. "Ana kapu tupu mkononi, ametoka kuuza kabichi. Akasema, 'Bwana, hilo nipe mimi, narudi huko huko.' Akalibeba mpaka Mlumbilo. Nililifungua nikijua nitakuta vioo vimevunjika. Hata vumbi halikuwemo."

Baada ya wiki mbili yule msaidizi wa Dar alishikwa na malaria, akashushwa mlimani kwa machela. Bwana Bharat akabaki peke yake. Na kamera ya sinema, wasikilizaji, haiendeshwi na mtu mmoja. Mkanda unawekwa ndani ya kasha, na kasha linapachikwa juu ya kamera. Mkanda huo ukiona mwanga kabla ya kuoshwa kwa dawa, umekufa. Kwa hiyo kuna mfuko mweusi, una mikono miwili kama koti lililoshonwa juu. Unaingiza kopo la mkanda na kasha ndani ya mfuko, unafunga, unaingiza mikono yako, halafu unafanya kila kitu bila kuona.

Siku hiyo Bwana Bharat alikuwa na haraka. Mkanda ukamkwama ndani ya mfuko. Akatukana Kigujarati, akatukana Kiswahili. Scholastika alikuwa amekaa karibu, anamtazama mikono.

Akauliza, "Kwani haruhusiwi kuona jua?"

"Nani?"

"Huyo uliyemo naye humo."

"Mkanda huu? Hata kidogo. Akiona jua ameharibika."

Scholastika akacheka. Akasema, "Kumbe ni mwali! Ungeniambia mapema. Toa mikono yako, Bwana Bharat, tumtafutie mwanamke mwenzake."

Akaingiza mikono yake. Bwana Bharat akamwelekeza kwa mdomo: hapo pana meno, hapo pana gurudumu, acha nafasi ya kidole. Alimfundisha kugusa ncha ya mkanda kwenye mdomo, kwa sababu upande unaonata mdomoni ndio upande wa picha. Jioni ya siku ile alikuwa anaweka mkanda kwa haraka kuliko mwalimu wake. Wale waliokuwa wakisema miezi kumi na minane gizani ni ushamba, sijui leo wanasema nini.

Basi akaacha upagazi, akashika kazi. Mjomba wake Gabrieli, mkubwa wa ukoo, hakupenda. Alisema mwanamke hazungukizunguki milimani na wanaume na chombo. Bibi Paskalia akamwambia kaka yake, "Amezunguka na kabichi miaka kumi hukusema kitu." Maneno yakaisha.

Alijifunza kusafisha mlango wa kamera, pale mwanga unapoingilia kwenye mkanda, kwa kijiti cha mwanzi alichokichonga mwenyewe, maana unywele mmoja ukikaa pale unaonekana kwenye shuka jeupe mkubwa kama mti. Alijifunza kupiga kile kibao cha mbao chenye namba, mwanzoni mwa picha. Alijifunza kuandika kwenye kila kopo tarehe na mahali, kwa mwandiko wake wa shule ya misheni, polepole, ulimi nje.

Lakini kazi aliyoipenda ni kupima.

Nieleze kidogo. Kamera haijui mtu yuko wapi. Lazima iambiwe. Msaidizi anachukua futi, ile ndefu ya kitambaa inayojikunja ndani ya kikasha cha ngozi. Ncha moja inakaa kwenye kamera, nyingine kwenye uso wa mtu. Anasoma namba, anazungusha pete ya lenzi mpaka namba ile. Akikosea inchi chache tu, uso unakuwa ukungu.

Sasa kwetu milimani mtu anapimwa lini? Mnajua. Anapimwa akishakufa, ili wachimbaji wajue urefu. Kwa hiyo watu waliona futi inawajia usoni, wakakimbia. Mzee mmoja wa kijiji cha Kikundi alitupa jembe akaingia shambani kwa jirani na hakutoka mpaka kikosi kilipohama. Scholastika ndiye aliyepata dawa. Alikuwa anaweka ncha ya futi kwenye pua yake kwanza, anacheka, ndipo anaiweka kwenye pua ya mwenzake. Anawaambia, "Sikupimii kaburi. Nakupima ili usipotee."

Wasikilizaji, lishikeni neno hilo. Nakupima ili usipotee.

Mwezi Septemba mwaka ule wa 1953, Cecilia naye akavunja ungo. Bibi Paskalia akamweka mjukuu wake ndani, katika nyumba ile ile aliyokaa Scholastika. Na hapa Scholastika akafanya jambo lililoonekana la akili, na nyinyi pia mngeliona la akili. Kikosi kilikuwa kimepanga kukaa milimani mwaka mzima. Makopo ya mikanda iliyokwisha kupigwa yalikuwa yanakaa wiki mbili au tatu kabla ya kushushwa Mkuyuni. Mahema yalikuwa na joto. Kulikuwa na watoto wenye mikono. Scholastika akajiuliza: ni wapi Mlumbilo nzima penye giza, penye baridi, pasipoingia mwanamume wala mtoto?

Akayaweka makopo ndani ya nyumba ya mwali, chini ya kitanda cha Cecilia.

Akamwita mama yake. Akamwambia, "Mama, hawa ni wanawali wa Bwana Bharat. Wako kama Cecilia. Wasione jua. Mtu asiwafungue."

Na Bibi Paskalia alishika neno. Miezi kumi na moja, makopo yanaingia, makopo yanatoka, hakuna aliyeyagusa ila Scholastika. Siku moja Mzungu mwenyewe alitaka kuingia kuyahesabu. Bibi Paskalia alisimama mlangoni na mchi mkononi. Mzungu akahesabu akiwa nje, kwa kuambiwa.

Mwezi Agosti 1954 ukafika wakati wa kumtoa Cecilia. Alikuwa na miaka kumi na mitatu. Scholastika akamwomba Bwana Bharat jambo moja. Hakuwahi kumwomba kitu kabla ya hapo. Alisema, "Nimewapima watu wa Uluguru nzima wasipotee. Wangu sina hata picha ya karatasi. Nipigie mwanangu siku anatoka."

Bwana Bharat hakuwa na ruhusa. Mkanda ni mali ya kikosi. Lakini alikuwa na mkanda mmoja mzima wa akiba, akasema ndiyo.

Ilikuwa Jumamosi. Cecilia akatolewa saa nne asubuhi, amebebwa mabegani, amepakwa mafuta, ana shanga kichwani, macho ameyafumba kwa sababu ya jua. Akateremshwa uwanjani acheze. Scholastika akatembea na futi kutoka kwenye kamera mpaka kwa mwanawe. Hakuiweka kwenye pua yake kwanza, alisahau. Akaiweka moja kwa moja kwenye paji la uso la Cecilia. Bibi Paskalia ameniambia alikumbuka kipimo cha kaburi, lakini haikuwa siku ya kusema maneno mabaya.

Cecilia akanong'ona, "Mama, ngapi?"

"Kumi na mbili na inchi nne. Usisogee mpaka nikuambie."

Futi kumi na mbili na inchi nne. Wewe unayenisikiliza, ni kama kutoka redio yako mpaka mlangoni. Akarudi kwenye kamera, akazungusha pete, akapiga kibao kwa mkono wake mwenyewe. Cecilia akafumbua macho, akacheza. Mkanda mzima. Bwana Bharat anasema katika maisha yake yote hajaona uso ulioingia ndani ya lenzi safi namna ile.

Mchana ule Scholastika akautoa mkanda ndani ya mfuko mweusi, akautia koponi, akaandika: Agosti, Mlumbilo, Cecilia. Akauweka pamoja na mingine sita, mahali pake pa kila siku. Makopo saba. Kesho yake, Jumapili, akateremka misheni kusali misa ya shukrani. Bwana Bharat akafuatana naye kumsindikiza, kwa kuwa alikuwa na barua za kupeleka.

Sasa, wasikilizaji wapendwa, katika ukoo ule kuna desturi. Mwali akishatolewa, kesho yake wanawake wanaingia ndani ya ile nyumba. Wanaifungua. Kila kilichokaa gizani pamoja na mwali lazima kitoke kione jua. Mkeka, nguo, ungo, kibuyu. Kinafunguliwa, kinakunjuliwa, kinatandazwa. Wakikiacha hata kimoja ndani, wanasema, mwali ameacha nusu ya nafsi yake gizani, na hatadumu.

Nadhani mmekwisha kuelewa. Nami ninapoyasema haya natamani ningekuwa na hadithi nyingine.

Scholastika na Bwana Bharat walirudi saa saba mchana. Walisikia vigelegele tangu chini kwenye migomba. Uwanja umejaa mikeka na nguo. Na juu ya majani ya migomba, kutoka mlangoni mpaka jikoni, mikanda saba imetandazwa imenyooshwa, inang'aa kwenye jua kali la kiangazi. Bibi Paskalia akaja mbio na furaha, amejifunga kanga kiunoni.

"Tumewatoa wote," akasema. "Hata wanawali wako wa kwenye bati, tumewatoa. Hatukumsahau hata mmoja."

Cecilia alikuwa amesimama katikati, ameinua kipande cha mkanda juu, anakitazama kwenye mwanga wa jua. Akageuka. "Mama, mbona sijioni?"

Bwana Bharat ameniambia: "Nilifungua mdomo. Mama Cecilia akanitazama. Nikaufunga. Mpaka leo sijawahi kutazamwa vile na mtu."

Scholastika aliweka kapu chini. Akamwendea mama yake, akapiga goti kidogo kama inavyopasa, akasema, "Ahsante, mama. Mmefanya kazi kubwa." Kisha akamwambia Cecilia, "Bado. Mpaka uoshwe kwa dawa huko mbali. Utaonekana."

Akaanza kukunja mikanda, mmoja baada ya mwingine, taratibu, kama kwamba bado inafaa kitu.

Tufikirie alichokuwa nacho moyoni. Mama yake hakukosa. Alilinda miezi kumi na moja kwa mchi, na mwali alipotoka akatimiza desturi kwa ajili ya uhai wa mjukuu wake. Ni Scholastika aliyemwambia hawa ni wanawali. Desturi aliijua, ila hakuwaza kwamba makopo nayo yangehesabiwa. Hakumwambia kwamba mwali huyu hatolewi nyumbani, anatolewa ng'ambo, ndani ya chumba cha dawa. Alimwambia nusu, na mama yake akaishika ile nusu yote. Mtu angemlaumu nani? Nimejiuliza njiani saa nne za kushuka.

Bwana Bharat alimwambia Mzungu kwamba ni yeye aliyeacha makopo wazi juani. Alifukuzwa wiki ile ile. Scholastika alimlilia njiani, akamwomba arudi akaseme kweli. Bwana Bharat akamjibu, "Kweli hiyo ikisemwa itapanda mpaka kwa mama yako. Mimi nina duka la picha mjini. Yeye ana wewe tu na mtoto."

Na kwa Cecilia, Scholastika aliweka ahadi. Kiangazi kijacho tutapiga tena. Bwana Bharat alitafuta kamera ya kuazima, akaipata. Alinunua mkanda. Walipanga mwezi Juni 1955.

Cecilia alifariki mwezi Machi 1955. Homa ya siku nne. Mvua za masika zilikuwa zimekata njia, na machela haikuweza kushuka. Alikuwa na miaka kumi na minne. Alizikwa hapo hapo Mlumbilo, makaburi ya Wakristo. Narudia, kwa kuwa mama yake aliirudia mwenyewe kila mtu alipomuuliza: Machi 1955, siku nne, na hakuna picha.

Watu walipomuuliza ile sinema ya ngoma iko wapi, Scholastika aliwajibu kuwa iko ng'ambo bado, haijaoshwa. Alijibu hivyo miaka mitatu. Mbele ya mama yake alijibu kwa sauti ya kawaida kabisa.

Aliendelea na kazi. Bwana Bharat alianza kupigia vikosi vingine, na kila alipokwenda alimchukua. Turiani kwenye mpunga, Mkuyuni sokoni, harusi za mjini. Katika miaka hiyo hakuna mkanda uliopita mikononi mwa Scholastika ukaharibika. Hakuna hata mmoja. Lakini hakucheza tena na watu. Hakuweka tena futi kwenye pua yake. Alipima, akasoma namba, akarudi kwenye kamera.

Chausiku, mwuza ndizi wa Mkuyuni aliyekuwa rafiki yake, ameniambia: "Alikuwa akilala kwangu safari za kushuka. Asubuhi namkuta amekaa, ameufungua ule utepe wake wa kupimia mpaka mahali fulani, anautazama. Nikimwuliza, Scho, unapima nini? Ananiambia, napima mlango wako. Mlango wangu ulipimwa miaka mitatu."

Aprili mwaka huu walikuwa wanapiga picha daraja lililokatwa na maji, njia ya Matombo. Mvua ikaja ghafla. Scholastika alivua koti lake la mvua akaivisha kamera na makopo, akapanda nayo kilima saa mbili nzima, kanga imemganda mwilini. Kesho yake akashikwa na kichomi. Siku ya tano akafariki hospitali ya misheni. Kuna watu wameniandikia barua wakisema nimsifu kwa kulinda mali ya kazi. Sitamsifu kwa hilo. Mama yake alisema, "Kamera ina bati. Mwanangu alikuwa na mbavu." Nakubaliana na mama yake.

Siku moja kabla hajafa alimwita Bwana Bharat. Alizungumza kwa shida. Alimkabidhi kile kikasha cha ngozi, akamwambia: "Mkinizika, nipimieni kutoka kwa Cecilia. Kumi na mbili na inchi nne. Nikiwa karibu zaidi sitamwona vizuri. Nikiwa mbali, vilevile."

Bwana Bharat, Mhindu asiyejua mambo ya makaburi ya Wakristo, akapanda mlima na ujumbe huo.

Mjomba Gabrieli alikataa. Alisema katika ukoo wao mama na mtoto wanalazwa ubavu kwa ubavu, na hakuna aliyewahi kupimiwa kaburi kwa futi za Wazungu. Watu wakaanza kubishana, wachimbaji wameshika majembe, mawingu yanashuka. Bwana Bharat alisimama na kikasha chake mkononi, hakujua pa kukiweka.

Ndipo Bibi Paskalia akainuka kwenye mkeka. Anatembea kwa fimbo siku hizi. Akanyoosha mkono kwa Bwana Bharat.

"Nipe ncha," akasema. "Ni mimi niliyemtoa juani yule wa kwenye bati. Nitaishika mimi."

Bwana Bharat akampa ncha. Miaka mitatu na miezi minane alikuwa amelinda siri, amefukuzwa kazi kwa ajili ya siri, na siri haikuwepo.

Nilimuuliza Bibi Paskalia: Bibi, ulijua tangu lini? Akanijibu, na ninayasoma maneno yake kama nilivyoyaandika: "Tangu siku ile ile. Alipoweka kapu chini nilimwona uso. Mimi ndiye niliyemzaa, nitashindwaje kumsoma? Lakini alipiga goti akaniambia ahsante. Nikaona mwanangu hataki nijue. Basi nikakaa bila kujua. Umewahi kusikia mimi nikiuliza ile sinema iko wapi? Wote waliuliza. Mimi sikuuliza hata siku moja. Nilikuwa nangoja aniambie ili nimwombe radhi, na yeye alikuwa anangoja nisijue. Tumekaa hivyo, jiko moja, mpaka amekwenda."



Basi siku ile makaburini Bibi Paskalia alipiga magoti kwenye tope, akaiweka ncha ya utepe kwenye msalaba wa Cecilia, pale penye jina. Akaishika kwa vidole viwili. Bwana Bharat akarudi nyuma na kikasha, utepe ukifunguka, mpaka namba ile. Akasimama. Wachimbaji wakaanza kuchimba alipokuwa amesimama.

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya wote wanaotusikiliza, natoa pole. Pole kwako Bibi Paskalia, uliyebaki na nyumba mbili tupu. Pole kwa mjomba Gabrieli na ukoo mzima wa Mlumbilo. Pole kwa Chausiku. Pole kwako Bwana Bharat, uliyefundisha kazi na kubeba lawama isiyo yako. Mungu amlaze Scholastika mahali pema, na mtoto wake pamoja naye.

Nanyi nyote mnaonisikia, nawaomba kitu kimoja. Huenda humo ndani mwenu kuna neno ambalo mmoja analificha kwa upendo, na mwingine kwa upendo anajifanya halijui. Leo lisemeni. Litawaumiza, lakini mtakuwa wawili mnaoumia pamoja.

Nitanyamaza kidogo sasa, badala ya wimbo. Tazama kutoka kwenye redio mpaka mlangoni pako. Ni futi kumi na mbili hivi. Kama kuna mtu wako amekaa hapo, mwambie asisogee, umtazame.